Aniceti Kitereza na Kitabu Chake: Uhakiki wa Kazi Iliyoandikwa Mara Mbili

Katika orodha za hadithi ndefu za Kiswahili, kitabu cha Aniceti Kitereza kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali huwekwa chini ya mwaka 1980, kwa kuwa huo ndio mwaka ambao Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa katika mabuku mawili. Kwa mtunza maktaba mwaka huo ni sahihi. Kwa mhakiki ni mwaka wa kumpotezea njia. Msomaji anayeifuata orodha hukikuta kitabu hiki mara baada ya Gamba la Nyoka la Euphrase Kezilahabi, lililotoka mwaka 1979, akadhani kwamba amekutana na watu wawili wa kizazi kimoja, mmoja wao akiwa hodari wa mitindo mipya na mwingine akiwa amechelewa. Lakini habari za Myombekere na mkewe zilikuwa zimekwisha kuandikwa mwaka 1945, kwa Kikerewe, miaka sita kabla ya Kusadikika ya Shaaban Robert kupigwa chapa mwaka 1951. Kwa hiyo Kitereza hakuchelewa. Waliochelewa ni wapiga chapa.

Jambo hili si la tarehe tu. Likiachwa kama lilivyo, mambo mawili hukosewa kwa pamoja. La kwanza ni historia ya hadithi ndefu katika nchi hizi, ambayo husimuliwa kana kwamba ilianza pwani, ikapanda bara polepole pamoja na shule na magazeti. La pili ni hukumu juu ya lugha ya kitabu chenyewe, ambayo hupimwa kwa mizani ya Kiswahili cha miaka ya 1970, wakati mwandishi aliyekitunga alizaliwa mwaka 1896, akajifunza Kiswahili shuleni, na akakifasiri kitabu chake mwenyewe akiwa mzee. Uhakiki huu wakusudia kuitazama kazi ya Kitereza kwa utaratibu huu: mahali pake, maisha ya mtunzi, mambo yaliyomlea, namna yake ya kusimulia, lugha zake mbili, na yale yanayopasa kufanywa ili kitabu kisipotee mara ya pili.

MAHALI NA WASOMAJI

Ukerewe ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Viktoria, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Speke. Kusini mwa ghuba hiyo na mashariki yake imetandaa nchi ya Wasukuma, nayo hufika mbali mpaka kwenye nyanda za Maswa, Bariadi na Meatu. Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, huteremka kutoka katika nyanda hizo na kumwaga maji yake katika ghuba ile ile inayotazamwa na Wakerewe. Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, iko mbali na ziwa. Ni nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, wala si ya mitumbwi na migomba. Hata hivyo mwalimu wa Mwanhuzi anayekifundisha kitabu cha Kitereza yu karibu nacho kuliko mwenzake wa Tanga au wa Unguja, na ukaribu huo wafaa kuchunguzwa kabla ya mambo mengine.

Karibu huo si wa lugha moja. Kisukuma na Kikerewe ni lugha mbili zilizo mbali kiasi ingawa zote ni za Kibantu. Kisukuma kina vokali saba, na sauti ambazo maandishi ya Kiswahili hayana herufi zake. Jina la Mwanhuzi lenyewe ni ushahidi: ile nh si n na h zilizosimama bega kwa bega, bali ni sauti moja ya puani yenye pumzi, kama katika neno munhu, ambalo kwa Kiswahili ni mtu. Msomaji wa pwani hulisoma jina hilo kama lilivyoandikwa, na mwenyeji hulisoma kama linavyosemwa. Basi msomaji wa Mwanhuzi ni mtu aliyezoea tangu utoto kwamba maandishi ya Kiswahili hubeba sehemu tu ya yale ayajuayo, na kwamba sehemu iliyobaki huna budi kuijaza mwenyewe. Hayo ndiyo mazoea yanayotakiwa kwa kitabu cha Kitereza.

Tena ziko desturi zinazofanana. Mahari inayohesabiwa kwa majadiliano ya wazee, maamkizi marefu yasiyoweza kukatizwa bila ya kukosa adabu, dhiki ya mke asiyezaa katika nyumba ya wakweze, na majina ya watu ambayo ni sentensi nzima: yote hayo yajulikana katika nchi ya Wasukuma bila ya maelezo. Ngano ya Masala Kulangwa, kijana aliyelishinda zimwi Shing'weng'we lililowameza watu, humfundisha mtoto wa Kisukuma tangu mapema kwamba jina la shujaa laweza kuwa methali. Maana masala ni akili, na kulangwa ni kufundishwa. Mtoto aliyelelewa hivyo hatalipita jina Bulihwali kama mtu apitaye mti njiani.

MAISHA YA MTUNZI

Kitereza alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alipofiwa na baba yake akiwa mdogo alikaa katika nyumba ya Omukama Mukaka, na huko akasikia mazungumzo ya watu wazima walioijua nchi ilivyokuwa kabla ya Wadachi. Kisha akapelekwa katika shule ya misioni ya Kagunguli, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, akabatizwa, akajifunza kusoma na kuandika. Kutoka hapo aliingia seminari ya Rubya katika nchi ya Bukoba, akakaa karibu miaka kumi. Huko alijifunza Kilatini, Kijerumani na Kiswahili, pamoja na elimu ya dini na falsafa. Hakupata upadre. Aliondoka, akaoa mwaka 1919, akafanya kazi ya ukarani na biashara, na baadaye akaitumikia misioni ya kwao kwa ukatekista na kazi za kufasiri.

Ndoa yake haikubakiwa na mtoto. Jambo hili husemwa na kila aandikaye habari zake, nalo ni kweli; lakini hutajwa aghalabu kama ufunguo unaofungua milango yote, na hapo ndipo pa kuwa na hadhari. Ni kweli kwamba hadithi yake ni ya mume na mke waliokosa mtoto, nao wakashikamana licha ya masimango ya jamaa. Ni kweli pia kwamba mwandishi alikuwa Mkristo ambaye dini yake ilimkataza kuoa mke wa pili, katika nchi ambayo desturi ilimruhusu mwanamume asiye na mtoto kufanya hivyo. Lakini Myombekere si Kitereza. Kitereza alimweka mtu wake katika zama za kabla ya misioni, mahali ambapo hapakuwa na padre wa kumzuia, wala sheria ya Kanisa ya kumshika mkono. Uaminifu wa Myombekere kwa mkewe kwa hiyo hauna msaada wa amri yoyote. Hutoka kwake mwenyewe. Mtunzi aliyetaka kujieleza tu angalichukua zama zake mwenyewe. Huyu alichukua zama ambazo jambo lile lilikuwa gumu zaidi kuliamini, akalifanya liaminike. Hiyo ni kazi ya sanaa, si kumbukumbu ya mtu.

MAMBO YALIYOMLEA

Malezi ya kazi ya Kitereza yalitoka pande tatu. Upande wa kwanza ni masimulizi ya wazee: ngano, nasaba za watawala, methali na mashauri ya baraza. Kitereza alikuwa mkusanyaji wa hayo kabla ya kuwa mtungaji wa hadithi. Alizikusanya habari za zamani za Ukerewe na kuziandika, na watafiti wa baadaye walinufaika nazo. Mtu aliyezoea kuandika maneno ya wazee hujifunza jambo moja ambalo mwanafunzi wa vitabu hulikosa: kwamba katika mazungumzo ya watu wa heshima, jambo kuu halitajwi kwanza. Huzungukwa. Katika kitabu chake mgeni huamkiwa, hukaribishwa, huulizwa habari za nyumbani, hulishwa, na ndipo husema lililomleta. Msomaji mwenye haraka huona uchovu. Lakini mzunguko huo ndio unaopima uzito wa jambo linalokuja.

Upande wa pili ni seminari. Haiwezekani mtu akae miaka kumi akifasiri Kilatini asijifunze kwamba sentensi ni kitu cha kupangwa. Yaelekea pia alijifunza huko kwamba lugha ya watu wachache yaweza kubeba maandiko marefu, kwa kuwa mapadre wenyewe walikuwa wakiandika sarufi na vitabu vya dini kwa lugha za kienyeji; Padre Eugène Hurel alikwisha kuandika sarufi ya Kikerewe katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Lakini mapadre waliandika Kikerewe ili kufundisha dini; Kitereza alikiandika ili kuonyesha namna watu walivyoishi kabla ya kufundishwa. Alikichukua chombo cha misioni akakitumia kwa kazi isiyokusudiwa. Wala hakufanya hivyo kwa uasi, maana alibaki Mkatoliki mwaminifu. Alifanya kwa sababu aliona kwamba vijana waliokuwa wakisoma shule walikuwa wakisahau lugha na mila, na kusudi lake lilikuwa kuzihifadhi.

Upande wa tatu ni watu waliomtia moyo. Mmoja wao ni Padre Almas Simard, mmisionari wa Kanada, ambaye aliuthamini mswada huo na kutafuta njia ya kuutoa. Wengine ni Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani waliofika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa utafiti wa historia, nao wakaandika makala juu ya mtunzi huyu mwaka 1972. Ni halali kuwashukuru watu hao. Si halali kusema, kama inavyosemwa mara nyingine, kwamba walimgundua. Jirani zake hawakuwa na haja ya kumgundua. Kilichokosekana hakikuwa macho ya kumwona bali mtambo wa kumpigia chapa.

KISA NA NAMNA YA KUKISIMULIA

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Jamaa za mume humsimanga mke, na baba yake anaposikia humchukua binti yake akamrudisha kwao. Mume, aliyebaki peke yake katika nyumba isiyo na mwanamke, huenda kwa wakweze kuomba. Hutakiwa kulipa fidia ya pombe ya ndizi. Anapoitimiza hurudishiwa mkewe. Kisha hutafutwa mganga, dawa hutumiwa, na hatimaye huzaliwa Ntulanalwo, na baada yake Bulihwali. Buku la pili hufuata maisha ya watoto hao, makuzi yao na ndoa zao, mpaka uzee na vifo vya wazazi.

Wahakiki wengi wamesema kwamba hiki si hadithi bali ni kitabu cha mila kilichovishwa nguo ya hadithi. Shutuma hiyo si ya bure. Kweli zipo kurasa ambamo masimulizi husimama ili ufundi au desturi ielezwe, na katika buku la pili kurasa hizo ni nyingi kupita kiasi. Mtu anayezitafuta tofauti za tabia baina ya wasaidizi wa hadithi atazipata chache. Wahusika husema mengi, na ni nadra msomaji kuonyeshwa wanalolificha. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na zaidi katika Kichwamaji ya mwaka 1974, msomaji huingizwa ndani ya vichwa vya watu waliogawanyika nafsi. Kitereza hana vyumba vya namna hiyo. Nyumba yake ni ya wazi, na mambo yote hutendeka uani.

Lakini shutuma yenyewe hukosa pale inapodhani kwamba maelezo ya desturi na mwendo wa kisa ni vitu viwili. Tuchukue mathalani ile pombe ya fidia. Kutengeneza pombe ya ndizi katika nchi za Ziwa si kazi ya siku moja wala ya mtu mmoja. Ndizi hukatwa, huivishwa, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke. Kila hatua yahitaji mikono, na kila hatua yaweza kuharibika. Mtu asiye na mke, na ambaye jamaa zake ndio waliomfukuza mkewe kwa maneno, ataipata wapi mikono hiyo? Hapo basi maelezo ya ufundi huwa ndiyo maelezo ya hali yake. Msomaji anapofuata kazi hiyo ndefu, anapima kwa wakati huo huo ni jirani gani anakuja kusaidia na ni nani haji. Fidia imechaguliwa na wakwe kwa hekima: si adhabu ya mali, ni mtihani wa kujua kama mume huyu ana watu. Mwandishi haelezi hekima hiyo kwa maneno. Ameiacha ndani ya kazi, aijue mwenye kujua.

Hiyo ndiyo njia ya Kitereza anapokuwa katika ubora wake. Anapopungukiwa, desturi hubaki desturi, na kisa hungoja nje. Mhakiki mwadilifu hana budi kuzitenga kurasa za namna ya kwanza na za namna ya pili, badala ya kukisifu kitabu chote kwa kuwa ni cha mila, au kukitupa chote kwa sababu hiyo hiyo.

LUGHA MBILI

Baada ya miaka mingi ya kungoja, Kitereza alishauriwa kwamba kitabu cha Kikerewe hakitapata mpiga chapa, na kwamba Kiswahili kingekifikisha mbali. Akakifasiri mwenyewe, akiwa amepita umri wa miaka sabini. Swali la wataalamu wa lugha ni hili: maandishi hayo ya Kiswahili tuyaite tafsiri, au tuyaite kitabu cha pili cha mtunzi yule yule?

Yafaa kwanza kuona ni vitu gani Kiswahili hakikuweza kuvibeba. Kikerewe ni lugha ya toni. Kiswahili hakina toni. Lugha za Ziwa hutenga wakati uliopita kwa daraja, wa karibu ukiwa na umbo lake na wa mbali ukiwa na lake; Kiswahili huutia wakati wote huo ndani ya -li-, na msimulizi hulazimika kuongeza maneno kama jana, juzi au hapo kale ili kurudisha kile ambacho kitenzi cha kwao kingalikisema kwa silabi moja. Kwa mtu anayesimulia habari za vizazi viwili, hasara hiyo si ndogo. Urefu wa baadhi ya sentensi za Kiswahili cha Kitereza, ambao wasomaji huulalamikia, kwa sehemu fulani waweza kuelezwa hivyo: si mazoea ya mzee kusema mengi, ni gharama ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Mfano ulio wazi zaidi ni majina. Bulihwali ni sentensi. Bu- ni kiambishi cha ngeli, -li- chaonyesha wakati ujao, -hwa ni kwisha, na silabi ya mwisho yauliza lini. Jina zima ni swali: yataisha lini? Yasiyotajwa ni majonzi. Ntulanalwo nalo ni sentensi: n- ni msemaji, -tula ni kukaa, na kile kipande -lwo hurejea kwenye jina la ngeli ya lu-, ambalo ni kifo; maana yake ni kwamba msemaji akaa na kifo siku zote. Mwandishi aliyaacha majina hayo kama yalivyo. Hakuwaita watoto hao kwa majina ya Kiswahili yenye maana ile ile. Matokeo yake ni kwamba Mkerewe, kila mtoto anapoitwa kuja kula, husikia kifo na majonzi yakitajwa katikati ya furaha. Na msomaji wa pwani husikia majina magumu tu. Furaha ya buku la pili, ambayo wengi wameiona kuwa nyepesi mno, haikuwa nyepesi katika lugha ya kwanza. Ilikuwa na kivuli, na kivuli hicho kimekaa ndani ya majina.

Kwa hiyo ni haki kusema kwamba Kiswahili kimepoteza. Lakini si haki kusimama hapo, maana Kitereza hakuwa mfasiri wa kuajiriwa. Mfasiri wa kawaida huulizwa kama amekuwa mwaminifu kwa mwandishi. Huyu alikuwa mwandishi mwenyewe. Alikuwa na ruhusa ya kupunguza, kuongeza na kuchagua, wala hapana mtu wa kumshitaki. Maandishi ya Kiswahili ni neno lake la mwisho juu ya watu wale ambao alikuwa ameishi nao tangu kabla ya 1945. Ndiyo sababu hayawezi kuhesabiwa kuwa ngazi ya kupandia tu na kisha kusukumwa kando. Yaliyoandikwa kwa Kikerewe ni kitabu cha mtu wa makamo aliyetaka kuwahifadhia watoto wa kisiwa chake maisha ya babu zao. Yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni kitabu cha mzee aliyewageukia watu wasiokijua kisiwa hicho, akawaeleza. Wasikilizaji wawili, vitabu viwili.

MIAKA YA KUNGOJA

Kati ya mwaka 1945 na mwaka 1980 imepita miaka 35. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, na kamati ya kusanifisha Kiswahili ilikuwapo tangu mwaka 1930. Vyombo vya kutoa vitabu basi havikukosekana kabisa. Lakini kila chombo kilikuwa na kipimo chake, na kitabu kirefu kwa lugha ya wasomaji wachache hakikupatana na kipimo chochote. Baada ya uhuru, juhudi za nchi zilielekezwa kwenye Kiswahili, na kwa sababu nzuri. Lakini mlango wa lugha za makabila ulizidi kuwa mwembamba. Kitereza alipita katika mlango uliokuwa wazi. Vitabu vyake vilipigiwa chapa Uchina, na mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Habari hiyo husimuliwa kwa huruma, na huruma hiyo ni stahili yake. Hata hivyo hufaa kuiangalia pia kwa jicho la kazi. Mtu aliyekaa miaka 35 na mswada usiotoka, akaushika tena uzeeni na kuuandika upya kwa lugha nyingine tangu mwanzo hadi mwisho, hakuwa mtu aliyekwisha kazi yake mwaka 1945. Kazi ilikuwa bado mikononi mwake. Wasomi wanaotafuta kazi zake nyingine ambazo hazikukamilika wamesahau kwamba kitabu hiki chenyewe ndicho kilichokuwa kazi yake isiyokwisha.

WARITHI

Ukerewe imekitoa Kiswahili waandishi wengine wawili ambao hakuna historia ya fasihi iwezayo kuwaruka. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikwenda njia nyingine kabisa, na katika Nagona na Mzingile aliuvunja usimulizi ambao Kitereza aliujenga jiwe kwa jiwe. Gabriel Ruhumbika, mtungaji wa Uwike Usiwike Kutakucha ya mwaka 1978 na Miradi Bubu ya Wazalendo, aliirudia kazi ya mzee kwa mkono wake: aliufasiri mswada wa Kikerewe kwa Kiingereza moja kwa moja, na tafsiri hiyo ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kabla yake, Wilhelm Möhlig alikwisha kutoa tafsiri ya Kijerumani kutokana na Kiswahili, buku la kwanza mwaka 1990 na la pili mwaka 1993.

Hapa pana jambo la kuwashitua wapenzi wa Kiswahili. Msomaji wa Kiingereza ana njia ya kuufikia mswada wa kwanza. Msomaji wa Kijerumani ana tafsiri ya kitaalamu ya mswada wa pili. Msomaji wa Kiswahili, ambaye ndiye mwandishi alimkusudia katika uzee wake, ana chapa ya mwaka 1980 isiyoonekana kwa urahisi madukani. Mtoto wa sekondari katika Mkoa wa Simiyu anaweza kumaliza masomo yake akiwa amesikia jina la Chinua Achebe, naye hajasikia jina la mtu aliyemaliza kitabu chake miaka 13 kabla ya Things Fall Apart kutoka mwaka 1958, ng'ambo ya maji ambamo mto wa kwao huingia.

YANAYOPASA KUFANYWA

Mambo matatu yapasa kufanywa, na yote ni kazi ya vyuo vya uchunguzi wa Kiswahili kabla ya kuwa ya wafanya biashara.

La kwanza ni kukipiga chapa tena kitabu cha Kiswahili bila ya kukisahihisha. Mhariri atashawishika kuzinyoosha sentensi, kuyabadili maneno yasiyo ya kawaida, na kuyapunguza maamkizi. Asifanye hivyo. Mahali ambapo Kiswahili cha Kitereza hakifuati mazoea ya pwani, mara nyingi ndipo Kikerewe kinapochungulia, na dirisha hilo likizibwa litakuwa limezibwa kwa wote. Kiswahili Sanifu kilisanifiwa ili watu wa lugha mbalimbali wapate kuelewana, wala hakikusanifiwa ili kila mmoja wao asijulikane atokako. Makosa ya mpiga chapa yaondolewe. Nyayo za mwandishi ziachwe.

La pili ni kuutoa mswada wa Kikerewe ukiwa umepangwa sambamba na ule wa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na fahirisi ya maneno ya kazi, mimea, vyombo na majina ya watu. Fahirisi hiyo itamsaidia msomaji wa pwani kusikia swali lililomo ndani ya jina Bulihwali. Tena itawapa wanaisimu kitu adimu sana: hadithi moja ndefu, katika lugha mbili za Kibantu, kwa mkono wa mtu mmoja aliyezijua zote mbili.

La tatu ni kukipeleka kitabu kwa wasomaji walio karibu nacho. Mashauri ya masomo ya fasihi hufanyika Dar es Salaam, na vitabu huchaguliwa kana kwamba nchi nzima imekaa katika baraza moja la pwani. Mwalimu wa Mwanhuzi, mwenye wanafunzi wanaojua maana ya mahari ya ng'ombe na masimango ya wakwe, aweza kukifundisha kitabu hiki kwa namna ambayo profesa hawezi. Wanafunzi wake wataona upesi mahali ambapo Wakerewe na Wasukuma wanafanana, na upesi zaidi mahali wasipofanana; na katika kubishana juu ya hayo watakuwa wameanza kuhakiki. Hawatahitaji kuambiwa kwamba maelezo ya pombe ni marefu mno. Watauliza ni nani aliyekuja kusaidia.

Kitereza aliandika kwa kuogopa kwamba lugha ya watu wake ingesahaulika, kisha akaikubali lugha ya watu wote ili asisahauliwe yeye na hao aliowaandika. Mapatano hayo aliyatimiza kwa upande wake mpaka mwisho. Upande wa pili wa mapatano ni wa wenye Kiswahili, nao haujatimizwa bado.